Safu ya Sita

Ojok alikuwa askari magereza kwa miaka kumi na minne, yote langoni Jinja, kabla ya kuhamishiwa lango la gereza la Mbale mwaka 1996. Huko alijiandikisha masomo ya Jumamosi ya anthropolojia kwa wanaoanza: elimu ya watu na desturi zao. Akifaulu, angetolewa langoni na kuwa ofisa ustawi wa wafungwa. Jaribio lilikuwa moja. Mwalimu wake, Bi Gorreti, alitaka kurasa tatu Jumatatu: mtu mmoja aeleze jinsi watu wake wanavyowapa watoto majina.

Kufikia Jumapili mchana alikuwa amehoji watu watano wa mtaa wa Nkoma na kupata mistari minne. Hakuelewa kwa nini. Sare aliiacha nyumbani, akavaa kandambili, akauliza kwa upole kwa Kiswahili chake cha kambini. Kila mmoja alisimama wima. "Ndiyo, afande," hata pale swali lilipotaka jina la bibi.

Wa sita alikuwa Masaba, seremala. Ojok alimtajia jina lake, akafungua daftari.

"Jina? Jina la baba? Kabila? Kijiji? Umri?"

Masaba alijibu yote, mikono nyuma. Kisha akangoja.

"Umeruka moja, afande."

"Lipi?"

"Kosa. Mimi nilikaa ndani Jinja miezi minane. Baada ya umri ni kosa."

Ojok alitazama daftari. Kweli, kila ukurasa aliotumia alikuwa ameupiga safu sita, na ya sita tupu. Hakukumbuka kuipiga.

Maximilla, mkewe Masaba, aliangua kicheko mlangoni. "Mzee, umeiba tena? Na wewe afande, kaa kwanza. Hilo jina Ojok ulipewa kwa nini?"

"Nilizaliwa na vidole sita mkono huu. Kwetu mtoto wa hivyo ni Ojok."

"Mbona naona vitano?"

"Kimoja kilikatwa."

"Kikapelekwa wapi?"

Mama yake hakuwahi kusema, naye hakuwahi kuuliza. "Sijui, mama."

"Hajui kidole chake!" Masaba alicheka, akaketi juu ya ubao bila kuruhusiwa. "Mimi nililia siku tatu, sinyonyi, mpaka wakanitajia jina la marehemu babu. Hapo hapo nikanyamaza."

Kalamu ya Ojok ilining'inia. Kilio cha siku tatu kiandikwe safu ipi? Mwishowe aligeuza daftari, akaanzia nyuma, kusiko na safu.

Jioni zilikuwa kurasa nne. Alizisoma mara mbili na bado hakujua kama zilimhusu Masaba au yeye. Mstari wa kwanza ulisema: "Kidole: sijui." Alifikiri kuufuta. Asubuhi akampelekea Bi Gorreti ukiwamo.