Programu Ilisema Nerima Hajaelewa

Darasa la mtandaoni likiendelea, jina la Nerima liligeuka jekundu mbele ya wenzake wote.

"Hajaelewa somo."

Nani kasema? Programu!

Nerima ni jirani yangu hapa mtaani Baba Dogo, anasomea lishe. Chuo chao kilikuwa kimeleta programu ya kusoma majibu na kupima nani ameshika, nani amepotea. Ukiwa kijani, uko fiti. Ukizidi kuwa mwekundu, hupelekwi kliniki kwa mazoezi ya kazi. Unarudia muhula.

Swali lilikuwa: mtoto akiharisha, mbona apewe maji yenye sukari na chumvi, si maji matupu?

Nerima akaandika vile anaongea: "Sukari na chumvi hupita kwa ukuta wa utumbo zikiwa zimeshikana, zinavuta maji nyuma yazo. Maji pekee, mengi yatapita tu na kutoka."

Nyekundu.

Mwenzake Wacera akanakili Kiingereza cha kitabu. Kijani.

"Aki hata sijui nimeandika nini," Wacera akamtumia Nerima kando.

Nerima akawasha maiki.

"Mwalimu Ndirangu, nimekosea wapi?"

"Mfumo umeshapima, Nerima. Tuendelee."

"Sijauliza mfumo. Nimekuuliza wewe, Mwalimu."

Mwalimu akashusha sauti.

"Programu inashika Kiingereza cha kitabu tu. Si uandike hivyo tumalize?"

"Zii, Mwalimu. Mama mwenye mtoto mgonjwa huku kwetu nitamwelezea kwa Kiingereza? Siandiki. Nisomee jibu langu, tafadhali."

Mwalimu akasoma kwa sauti. Akarudia polepole.

"Jibu ni sahihi."

"Basi badilisha hiyo rangi."

"Siwezi. Hata mimi hiyo programu inanipima. Mkiwa wekundu wengi, kazi yangu iko mashakani."

Wacera hakungoja. Akafuta Kiingereza chake, akaandika upya kwa Kiswahili. Nyekundu. Mwingine naye, kwa Sheng. Nyekundu. Darasa lote likawaka jekundu.

Kisha jibu la mwisho likatokea, Kiswahili safi kabisa.

Mwandishi: Mwalimu Ndirangu.

"Hajaelewa somo."

Weh! Kicheko nilikisikia kupitia ukuta wa mabati. Picha ya hilo darasa jekundu, mwalimu akiwemo, ikazunguka mitandaoni hadi wakubwa wa chuo wakaona aibu. Sasa programu haiamui chochote. Majibu yanasomwa na mwalimu.

Nerima? Yuko kliniki, anaongea na kina mama.

Na wewe ukiambiwa hujui kitu, uliza kwanza ni nani amekusikiliza. Kama hakuna, usirudi nyuma hata kidogo.