Niliunganisha monitor ya pili kwenye Linux, wakwe wakasikia neno la ukoo wetu kabla yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Goma. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu jambo lenyewe bado halijanitoka mwilini. Yote nitakayosimulia yalitokea nyumbani kwangu, Ndosho, na mke wangu ameusoma uzi huu kabla yenu. Nikizidisha hata kidogo, nitamjibu yeye kwanza.

Maneno ya watu nitayaandika kama walivyoyatamka, kwa Kiswahili chetu cha huku. Mkiona "mutoto" na "muzee", msinisahihishe.

Mimi ni mtu wa makamo. Nilisoma isimu chuo kikuu, na kazi yangu ni kutafsiri nyaraka na rekodi za mazungumzo kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, nikiwa nyumbani, katika chumba tunachokiita ofisi. Desktop yangu inatumia Linux tangu virusi vya flash za wateja viliponilia kazi ya miezi. Sijawahi kujuta.

Monitor moja ilinitosha kabisa. Ya pili niliihitaji kwa sababu ya binti yangu.

Neema anasomea udaktari, naye yuko karibu na mwisho. Kijana aitwaye Josué, wa familia ya Rutshuru, alileta habari kwamba wazee wake wanataka kuja kumposa. Mimi kijana huyo nampenda. Ni mpole, anafanya kazi, na anajua kunyamaza mbele ya wakubwa. Moyoni nilikuwa nimeshakubali.

Lakini kwetu baba peke yake hakubali. Baba yetu alipofariki, neno la ukoo lilihamia kwa kaka yangu mkubwa anayeishi Bukavu. Watoto wote wanamwita Papa Mukubwa. Bila neno lake, hakuna binti anayetoka katika nyumba yetu. Na siku hizi safari kati ya Bukavu na Goma si ya mzee mwenye magoti mabovu.

Nikawaza: aje kwa video. Ila sikutaka wageni waupokee uso wa mkubwa wa ukoo kwenye simu, ukipitishwa mkono kwa mkono kama sahani ya karanga. Nilitaka uso huo ukae salon, yaani sebuleni, mkubwa, mahali pa heshima.

Nikanunua monitor iliyotumika kule sokoni Birere, pamoja na waya mrefu wa HDMI. Waya nikaupitisha kwenye tundu la ukuta kati ya ofisi na salon.

Monitor ikaniandikia: No signal.

Nilihangaika. Nikabadilisha waya, nikaanzisha mashine upya, nikaweka driver nyingine hadi hata monitor ya kwanza ikagoma. Aliyeniokoa ni mwanachama mmoja wa jukwaa hili hili, aliyeuliza kwa upole: "Mkuu, umechomeka kwenye kadi ya picha au kwenye motherboard?"

Nilikuwa nimechomeka kwenye motherboard. Mashine yenye kadi ya picha mara nyingi huuzima mlango ule wa motherboard, kwa hiyo nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nikahamisha waya. Picha ikaja, ila ndogo, katikati ya weusi. Nikaandika amri ya xrandr kwenye terminal, nikaipa vipimo sahihi, nikaiambia skrini ya pili ikae kulia kwa ya kwanza.

Nikasukuma kipanya kuelekea kulia. Mshale ukatoka kwenye skrini yangu, ukapotea.

Kutoka salon mke wangu akapiga kelele: "Papa Neema! Ka mushale kamefika huku! Kanatembea!"

Wakuu, nilicheka peke yangu kama mtoto. Nikafungua picha za harusi yetu, nikazivuta hadi upande wa pili, nikasikia mke wangu akiguna kwa furaha. Video sikuijaribu. Nilikuwa nabana megabaiti kwa ajili ya siku yenyewe.

Kumbukeni hapo: nilijaribu kwa picha, na picha haisemi.

Siku ikafika. Wageni wakaketi, wakiongozwa na msemaji wao, mzee mmoja mtulivu tunayemwita Muzee Bastien. Josué alikaa nyuma ya wajomba zake, mikono magotini, kama desturi inavyotaka. Neema alikuwa uani kwa akina mama.

Papa Mukubwa akatokea kwenye monitor ya salon, amevaa koti. Mlango wa ofisi niliuacha wazi, kamera ya mashine ikiwatazama wageni kutoka mezani kwangu. Akawasalimu wageni, akawabariki. Sauti yake ilitoka kwenye monitor yenyewe, safi, imejaa chumba. Nikajisemea: kumbe ina spika ndani. Nilifurahi. Hapo ndipo ningepaswa kufikiri, sikufikiri.

Wageni wakasema lililowaleta. Wanaomba binti, na wanaomba ndoa ifungwe mapema, kabla ya kiangazi kwisha, kwa sababu Josué anahamishiwa kazi Beni, mbali na hapa, na anataka aende na mke wake.

Sasa, kwa asiyejua desturi: ombi likishatolewa, familia ya binti haijibu palepale. Inainuka, inakwenda pembeni, inashauriana, kisha inarudi na sauti moja. Wageni wanabaki wameketi. Hawainuki, hawasogei mlangoni, hawasikilizi. Hiyo ndiyo heshima yao kwetu.

Tukaingia ofisini: mimi, mke wangu, na mdogo wangu Dieudonné, aliyekuwa msemaji wetu. Tukafunga mlango, nikaigeuza kamera itutazame sisi. Nikalishika dirisha la video kwa kipanya, nikalivuta kutoka skrini ya salon hadi kwenye yangu. Salon ikabaki na picha ya milima tu. Nilijiona fundi.

Umeme ulikuwa umeshakatika, na jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya dirisha la ofisi. Kuizima isingewezekana, tungepoteza kila kitu.

Papa Mukubwa alikuwa ananitazama. Midomo yake ikicheza.

Sauti hakuna.

"Koneksio," akasema Dieudonné.

"Papa Mukubwa, hatukusikie!" nikapaza sauti. Naye akaweka kiganja sikioni. Jenereta ilimzuia hata yeye kutusikia. Kuandika kwenye simu hajui, ila kusoma anasoma. Nikamwandikia: Ongea kwa nguvu, hatukusikii.

Akasoma. Akavuta pumzi. Akaanza upya, mishipa ya shingo imemtoka, kidole juu.

Bado hakuna. Nikamwandikia tena: Zaidi.

Alisema kwa muda mrefu. Katikati akavua miwani, akafuta macho kwa leso.

"Unaona?" akasema Dieudonné. "Analia na furaha. Amekubali."

"Wewe, mutu analia unasema amekubali?" akauliza mke wangu.

"Mama Neema, mimi namujua kaka yangu. Hata siku ya harusi yangu alilia vile."

"Siku ya harusi yako alilia kwa sababu ulichelewa."

Hapo tukasikia, kwa mbali, kupitia ukuta na mngurumo, watu wakiimba. Wageni wetu. Wimbo wa kanisani, kwa nguvu, na makofi.

"Haya!" Dieudonné akapiga paja. "Hata bakwe wako na furaha. Twende tuwape jibu."

Nami nikakubali. Nasema ukweli: nilikubali kwa sababu lilikuwa jibu nililolitaka. Nilikuwa nimeshashika kitasa.

Mlango ukagongwa kutoka nje.

Alikuwa Muzee Bastien. Mgeni, msemaji wa upande wa mume, amesimama mbele ya chumba cha mashauri cha familia ya binti. Katika maisha yangu sijawahi kuona jambo hilo. Alishika kofia mkononi na hakututazama usoni.

"Papa, munisamehe sana. Najua hii haifanyikake. Ila mukubwa wenu, sisi tunamusikia."

Sikuelewa. "Munamusikia namna gani?"

"Yote. Tangu mulipofunga mulango. Ile televizio inasema bila kuonyesha mutu. Kwanza tulizani anasema na sisi. Kisha tukaelewa. Tukatafuta mahali pa kuzima, hatukuona. Ndiyo tukaanza kuimba, ili masikio yetu yajae. Lakini kila tukipandisha wimbo, na yeye anapandisha."

Kila tukipandisha wimbo, na yeye anapandisha. Ni mimi niliyekuwa nikimwandikia: Zaidi.

 Mke wangu alikaa kwenye kiti changu bila kujua amekaa.

"Na nyinyi?" Muzee Bastien akauliza. "Nyinyi mumemusikia?"

"Hata neno moja," nikasema.

Ndipo akaniangalia. Nadhani alishtuka kuliko mimi. Jiwekeni katika nafasi yake, wakuu. Neno la ukoo wangu kuhusu binti yangu lilikuwa mikononi mwake, na sisi hatukuwa nalo. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema "amebariki", tukashikana mikono, na binti angekuwa ameshatolewa kabla ya sisi kugundua. Kijana aliyekuja kumwombea mke alikuwa nyuma yake, hatua chache tu.

Muzee Bastien akavuta mlango, ukafungika nyuma yake.

"Mukubwa wenu amekataa," akasema. "Hajamukataa Josué. Amekataa sasa. Amesema mutoto alimupigia simu, akalia. Mutoto anamupenda kijana, lakini akienda Beni leo masomo yake imekufa. Anataka kumaliza udaktari kwanza."

Akaigeuza kofia mkononi.

"Na amesema mutoto aliogopa kumwambia baba yake, juu baba amekwisha kufurahi sana."

Jenereta iliendelea kunguruma. Kwenye skrini kaka yangu alikuwa anatutazama, anasubiri.

Mimi kazi yangu ni kuhamisha maana kutoka mdomo mmoja hadi sikio lingine. Nalipwa kwa kusikiliza. Na maneno ya binti yangu, anayelala ukuta wa pili kutoka ninapoandika haya, yalikuwa yamekwenda Bukavu, yakarudi salon kwangu, yakaniingia kupitia mdomo wa mtu niliyekutana naye mara mbili.

"Muzee," nikasema, "ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza." Akavaa kofia, kisha akaivua tena. "Lakini yule atakuwa mutoto wetu. Aingie kwetu na kilio gani?"

Kisha akatupa maagizo kama mtu wa nyumbani. "Sasa mimi narudi kukaa. Nyinyi mushauriane. Mutoke, mutuambie vizuri, kwa desturi. Sisi hatujasikia kitu."

Na ndivyo tulivyofanya. Nilichomoa waya wa HDMI. Mara ile ile sauti ya kaka yangu ikalipuka kutoka spika za ofisini: "Kwani mumekuwa maiti wote? Mujibu!" Nikamwandikia kwamba tumeelewa, na kwamba yeye ndiye amesikilizwa kuliko mtu yeyote katika historia ya ukoo wetu.

Tukatoka. Dieudonné akasimama, akasafisha koo, akawatangazia wageni kwa Kiswahili cha heshima kwamba ukoo umempokea kijana, ila unaomba binti amalize masomo kwanza. Wageni wakasikiliza kama watu wanaopata habari mpya kabisa. Mjomba mmoja hata akaguna kwa mshangao. Muzee Bastien akaomba nao waende pembeni kushauriana. Wakaenda uani, wakarudi, wakakubali kusubiri.

Josué hakuguna. Alikuwa ameinamisha kichwa tangu tulipoingia. Wakati wa kuagana alinishika mkono, akasema "Papa, nimesikia," na sikujua anamaanisha lipi. Alikwenda Beni peke yake. Wanapigiana simu. Kuna siku Neema anatoka chumbani akicheka, na kuna siku hatoki. Sitawadanganya kwamba kila kitu ni asali.

Kwa wanaotumia Linux, kosa langu ni hili. Nilidhani sauti inalifuata dirisha: ukilivuta dirisha kuja huku, na sauti inakuja huku. Haiko hivyo. Ukiunganisha monitor kwa HDMI, mfumo unaweza kuhamishia sauti yote kwenye spika za monitor hiyo, na itabaki huko hata kama skrini yenyewe haionyeshi kitu. Ingia Settings, kisha Sound, angalia Output, uchague mwenyewe. Na ujaribu kwa kitu chenye sauti, usijaribu kwa picha za harusi.

Lile lingine halina settings.

Jioni ile nilimkuta Neema uani akiosha vikombe. Nilisimama karibu naye. Nikamwambia, "Ungeniambia tu, mama."

Hakuinua macho. "Papa, uliniuliza kama namupenda. Nikasema ndiyo. Hukuuliza kitu ingine."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta vikombe. Nikamuuliza mtihani unaofuata ni wa somo gani. Ni upasuaji. Nikamuuliza na lingine, na lingine. Alijibu yote, kwanza kwa kifupi, kisha kwa kirefu, hadi vikombe vikaisha tukawa tumesimama tu.

Wazazi wenzangu humu, na ninyi vijana mnaoogopa furaha ya baba zenu: kwenu mazungumzo haya yanaanzaje? Niandikieni hapa chini. Nauliza kwa sababu sijui.