Shika Juu Wakuone

Mutembei, fundi wa pikipiki wa Kianjai, alikuwa na mdomo mchafu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na mimi nimewahi kuolewa. Kibanda changu cha spea kinatazamana na steji ya boda, na yeye alifanyia kazi kwenye sakafu ya saruji mbele ya mlango wangu kwa miaka kumi na minne. Yeye akifungua pikipiki, mimi, Mama Gatakaa wa spea, nikiuza kinachohitajika. Mikono yake ilikuwa mizuri, hilo sitamnyima.

Alikuwa na desturi moja. Ukimletea pikipiki iliyokatika kitu, haigusi mpaka ukishike hicho kitu juu, steji nzima ikuone, na useme kwa sauti kilikatikaje. "Shika juu wakuone!" Watu wazima waliinua. Mwalimu mkuu aliinua mnyororo, suti ikachuruzika grisi, na mzee wa kanisa aliinua plagi iliyoungua huku waimbaji wake wa kwaya wakimtazama. Walikubali kwa sababu pikipiki ikitoka kwa Mutembei hairudi.

Aliyeumia zaidi ni Gedion. Huyu ni kijana mpole wa boda, wa kubeba akina mama wa kanisa na wanafunzi wa chekechea. Miaka mitatu iliyopita waya wake wa mafuta, ule unaotoka kwenye mkono wa kulia wa usukani hadi kwenye kabureta, ulianza kuwa mgumu. Akaulainisha kwa mafuta ya kupikia, yale meupe ya kopo. Mchana ukaenda vizuri kabisa. Lakini ulikuwa mwezi wa saba, na baridi yetu ya mwezi wa saba mnaijua. Asubuhi mafuta yalikuwa yameganda ndani ya waya kama yalivyoganda ndani ya kopo. Gedion akavuta kwa nguvu, waya ukakatika.

"Ulipaka nini hapa?" Mutembei alimuuliza.

"Mafuta."

"Ya wapi?"

"Ya jikoni, Fundi."

Mutembei alicheka mpaka akakaa chini. Akamwinua mkono yeye mwenyewe. "Shika juu! Sema, nilikuwa napika chapati!"

Gedion akasema. Tangu siku hiyo jina lake ni Chapati, stejini, sokoni, mpaka watoto wa shule anaowabeba. Alipoenda na wazee kujitambulisha kwa kina msichana aliyetaka kumwoa, mjomba mmoja aliuliza mbele ya watu kama huyu ndiye yule Chapati. Ile ndoa haikuwa. Pengine kulikuwa na sababu nyingine, lakini Gedion anaijua hiyo moja tu.

Sasa nieleze jambo nililolijua peke yangu. Mutembei alikuwa haoni. Macho yalianza kwenda polepole, na kufikia mwaka jana yalikuwa yamekwisha, ila mwanga na giza. Niligundua siku aliponisomea maandishi ya boksi alilolishika juu chini. Hatukuliongea. Nilianza tu kumtajia vitu nikimpa: "Namba kumi hii," "Waya wa klachi huu." Asubuhi nilimpangia spana kwa safu, ndogo hadi kubwa. Kutoka nyumbani alikuja na kurudi kwa njia ile ile, akihesabu hatua, na kwa kuwa hakuwahi kumsalimu mtu, hakuna aliyeshangaa akipitwa bila salamu.

Na ile desturi yake? Hapo ndipo nilipokuwa macho yake kabisa. Mteja akiinua mkono, nacheka. Kicheko changu ndicho kilimwambia kwamba mkono uko juu, aendelee kumsuta. Nilimficha kwa sababu wateja wake ni wangu, na pia kwa sababu nilimhurumia. Angejua namhurumia angenitukana mpaka jioni.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Gedion alikuja akisukuma pikipiki, amelowa jasho, waya wa mafuta umekatika tena. Safari hii hakuwa amepaka chochote. Ulikuwa umechakaa tu kwa kazi. Nikatoa mwingine nikaupeleka mikononi mwa Mutembei. "Waya wa mafuta huu hapa, Fundi. Ni wa Gedion."

Akaupitisha kwenye vidole, akapaza sauti steji isikie. "Ni original kweli? Huyu Mama Gatakaa feki anazijua. Bwanake alimjaribu miezi sita akamrudisha kwao, akasema hii spea haitoshei!"

Steji ikaangua kicheko. Vijana niliowauzia plagi nikiwaita wanangu walishikana mabega wakicheka. Mimi nilikuwa nimetoka kumpangia spana zake dakika kumi zilizopita. Nilisikia uso ukiwaka moto.

"Haya, Chapati," Mutembei akamgeukia Gedion. "Shika juu wakuone."

Gedion akauangalia ule waya uliokatika. Akaukunja polepole, akautia mfukoni, akasimama mikono chini akimkazia macho. Hakuwa na habari yoyote kuhusu macho ya Mutembei. Alikuwa amekataa tu, basi, na alikuwa tayari kupigana. Steji ikangoja kuona fundi atafanya nini.

Mutembei alikuwa amenigeuzia sikio. Alikuwa anasubiri kicheko. Ningeweza kusema, "Amekataa, Fundi." Maneno mawili tu, naye angejua la kufanya, maana matusi hayakumpungukia.

Nikacheka.

"Hapo sawa!" akasema Mutembei, akiangalia hewani juu ya kichwa cha Gedion. "Inua zaidi! Mwoneni Chapati na waya wake! Sasa sema, ulikatikaje?"

Hakuna aliyecheka. Gedion aliangalia mikono yake mwenyewe, kisha akamwangalia Mutembei. Akamsogelea, akapitisha kiganja mbele ya macho yake mara moja, mara mbili. Mutembei hakupepesa.

"Fundi," Gedion akasema taratibu, "nimeshika na mkono gani?"

Mutembei akabahatisha. "Wa kulia."

Ndipo wakajua wote. Walivuka barabara wakamzunguka. "Fundi, na mimi nimeinua!" mmoja akasema, mikono yake mfukoni. "Mimi nimeinua nini, Fundi?" akauliza mwingine, amemwinulia kiatu karibu na pua. "Buda, hizi ni ngapi?" akauliza wa tatu, akimpungia vidole. Wale aliowaaibisha miaka yote walipanga foleni. Mwalimu mkuu alikuwa anapita na kabichi zake, naye akasimama akainua kabichi. Sidanganyi, nilisikia raha. Nilisimama mlangoni pangu nikaisikia mpaka miguuni.

 Mutembei alichuchumaa akaanza kazi. Akafungua tangi kwa spana namba kumi, akalegeza skrubu mbili za mkono wa usukani, akachomoa kipande cha waya kilichobaki. Kwenye kabureta akaibana springi kwa kidole gumba, akaingiza kile kichwa kidogo cha waya kwenye tundu lake bila kulitafuta. Akaulaza waya chini ya tangi, akiupapasa urefu wote usije ukajikunja. Wakati huo wote viatu na vidole vilikuwa vinapepea usoni mwake. Alipomaliza akawasha injini, akageuza usukani kushoto, akageuza kulia, ameinamisha kichwa akisikiliza kama mlio utapanda, maana waya uliobanwa huupandisha. Haukupanda. Kazi ilikuwa safi kama zote.

Gedion aliiokota namba kumi kutoka sakafuni, akaja akaiweka juu ya meza yangu. Aliniangalia kidogo, akaondoka.

Waya huo haujakatika hadi leo. Lakini toka siku hiyo hakuna aliyemletea Mutembei hata baiskeli. Siku hizi yuko kwao huko ndani, dada yake Nelius anamkalisha uani apukuchue mahindi, na boda wakipita wanapiga honi na kumwambia wameinua.

Siku ile walipotawanyika alipiga magoti kukusanya vyombo vyake. Aliviingiza kwenye gunia kimoja kimoja, akizisoma namba kwa vidole. Nane, tisa, kumi na moja, kumi na mbili. Akarudia kupapasa saruji, chini ya benchi, kwenye mavumbi ya barabara.

"Igoki," akaniita. Miaka kumi na minne hakuwahi kuniita kwa jina langu. "Chapati hakuinua?"

"Hakuinua."

"Na ulicheka."

"Nilicheka."

Akapapasa tena ndani ya gunia. 

"Namba kumi iko wapi?"

Ilikuwa mbele yangu, juu ya meza. Nikamwambia sijaiona.