Mistari Minane ya Mahindi

Alhamisi ile mama yangu alipiga simu redioni. Nilikuwa nyumbani kwangu Sekei, mjini, napiga pasi, na kipindi kilihusu mbegu za GMO, zile zilizobadilishwa vinasaba, kama ziruhusiwe nchini au zikataliwe. Mtaalamu mmoja alikuwa ameeleza kwa upole kwamba ukame na wadudu havisubiri, na kwamba sayansi si adui wa mkulima. Kisha mtangazaji akasema yupo mama hewani kutoka Meru, nikaisikia sauti ninayoijua.

"Mbegu yangu ya mahindi nilipewa na mama mkwe wangu, naye alipewa na wa kwake. Sijawahi kununua. Hiyo yenu ya maabara isikanyage kihamba changu, shamba la ukoo."

Kesho yake muuza mboga mtaani kwetu aliniambia, "Mama yako kawapa makavu!" Nilicheka, na kusema kweli nilijivuna.

Nilikuwa na sababu zaidi ya undugu. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kahawa ya kilimo hai huko mlimani. Cheti chetu ni kimoja kwa kaya zote. Mmoja akificha kosa na likagundulika, cheti kinaweza kusimamishwa kwa wote. Kila mwaka, kabla ya mkaguzi wa nje kuja, tunakaguana wenyewe na kujaza fomu. Mtu hakagui kwao, kwa hiyo shamba la mama lilikaguliwa na mwenyekiti. Alilikagua kabla ya mvua, mahindi hayajapandwa, akaandika kwamba ni safi.

Jumamosi nilipanda mlimani kwenda kumsalimia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kuku walikuwa wakiparua ardhi kati ya migomba. Niliinama kuwafukuza, nikaona punje za mahindi juu ya udongo. Zilikuwa za pinki.

Mama alikuwa nyuma yangu na beseni la majani ya ng'ombe.

"Hii ni nini, mama?"

"Mahindi."

"Mahindi ya rangi hii?"

"Punguza sauti. Jirani anakata majani hapo ng'ambo."

Tuliingia jikoni. Alinionyesha juu, kwenye kichanja kilicho juu ya mafiga, mahali ambapo tangu nikiwa mdogo niliona mahindi ya mbegu yamening'inizwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Yalikuwepo machache. Alishusha hindi moja, akaligonga kwenye kiganja, ukamwagika unga. Fukusi walikuwa wamelimaliza.

Pembeni ulikuwepo mtungi wa gesi nilioupandisha mwenyewe Krismasi iliyopita, kwa sababu alikuwa akikohoa. Nilimsisitiza asiwashe kuni tena. Alinitii. Moshi ndio uliokuwa dawa ya zile mbegu, na kati yetu wawili hakuna aliyelikumbuka hilo mpaka mvua zilipoanza.

"Kwa nini hukuomba kwa jirani?"

"Mimi?" alisema. "Mimi ndiye ninayewagawia. Nikaombe kwa nani?"

Akaketi kwenye kigoda, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Niambie kweli. Nimepanda ile ile niliyoikataa redioni?"

Nilimwambia hapana. Ile ni mbegu chotara ya kawaida ya dukani, wanayonunua watu wote huko bondeni. Alishusha pumzi.

"Basi hakuna kosa."

"Lipo, mama. Hiyo pinki ni dawa ya kuua wadudu na ukungu. Kwetu hairuhusiwi."

Alitazama mlangoni. Nje kuku walikuwa wamerudi kwenye migomba.

"Fomu yako inasemaje?"

"Kwamba shamba ni safi."

"Imeshasainiwa?"

"Imesainiwa."

"Basi," alisema, akainuka kwenda kupoza chai.

Jumatatu mkaguzi wa nje alikuja, dada mmoja mwembamba mwenye viatu vya matope na sauti ya mwalimu. Tulikutana kwenye ukumbi wa usharika, pale kanisani. Nilipanga fomu mezani. Yeye huchagua mashamba machache bila mpangilio kisha anayatembelea. Nilitazama vidole vyake vikipita juu ya karatasi. Alichomoa moja, akachomoa nyingine. Fomu ya mama ilibaki chini. Mama alikuwa kwenye benchi la mbele na kitenge chake cha kanisani, hakupepesa macho.

Wakati mkaguzi akiandika, ukumbi ulirudia mabishano ya redioni. Mzee mmoja mchekeshaji, ambaye hulima nyanya kwa dawa bondeni na kahawa hai huku juu, alimgeukia mama.

"Shemeji, ulimnyamazisha yule mtaalamu! Tukupeleke bungeni?"

"Kapande nyanya zako," mama alimjibu, watu wakacheka.

Mkaguzi akanigeukia. Ni swali analouliza kila mwaka, na kila mwaka nimelijibu bila kufikiri.

"Katibu, kuna jambo lolote unalolijua ambalo halimo kwenye fomu hizi?"

Nilifikiri kusema hakuna. Ilikuwa rahisi mno. Lakini mle ndani walikuwemo watu waliopalilia kwa mikono msimu mzima, wengine na migongo mibovu, wakitegemea neno langu hilo moja.

"Lipo," nikasema. "Shamba la mama yangu. Kuna mbegu ya dukani iliyotiwa dawa. Eneo dogo, karibu na banda la kuku."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha mwenyekiti akaniuliza, "Mama yako mzazi?" Mzee wa nyanya akapiga goti lake.

"Yule wa redioni!"

Kicheko kilipita nyuma, kikafa haraka. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Nilidhani atatoka nje. Akasimama.

"Andikeni sawasawa," alisema. "Si eneo dogo. Huyu ameona pale kwa kuku tu. Ni mistari minane, kutoka bandani mpaka mferejini. Na imepita katikati ya kahawa."

Sikujua. Mkaguzi aliacha kuandika, akamtazama, kisha akaandika tena, polepole zaidi. Alisema kwa kuwa jambo limesemwa na wenyewe, cheti cha kikundi hatakigusa. Kahawa ya mama itatolewa kwenye kahawa ya kikundi kwa miaka mitatu, na shamba lake litakaguliwa mchana ule ule.

Tulitembea watu wanne: mama mbele, mkaguzi, mwenyekiti, na mimi nyuma na ubao wa kuandikia. Njiani mama hakugeuka kunitazama. Jirani aliyekuwa anakata majani alisimama na mundu wake kututazama, na mama alimsalimia kwanza, kwa sauti kubwa, kama siku zote.

Shambani hakusubiri kuulizwa. Alichimbua udongo kwa kidole, akamwonyesha mkaguzi punje, akafunika tena. "Huu wa kwanza." Akasogea. "Wa pili." Mistari miwili ya mwisho ilikuwa ng'ambo ya mibuni mikubwa, mahali ambapo hakuna mkaguzi ambaye angefika bila kupelekwa. Aliinama chini ya matawi, kitenge kikachafuka magotini.

"Wa nane," alisema. Kisha akanigeukia, mara ya kwanza tangu ukumbini. "Umeandika?"

Nilimwambia nimeandika.