Mama Taratibu na Pua ya Mtoto

Mke wangu alipofariki, mjukuu wetu alikosa wa kumlea mchana, na binti yangu alitakiwa kazini. Tukaenda kwa mlezi wa mtaa wa pili, anayeitwa Mama Taratibu. Chumba kilijaa kelele, rangi imemwagika sakafuni.

"Baba, hapa vurugu tupu," binti akaninong'oneza.

"Mama yako naye alikuwa na kelele. Tulia."

Mtoto mmoja alitokwa na kamasi. Mama Taratibu hakumvamia na kitambaa kwa nyuma. Alichuchumaa mbele yake, akasema, "Bwana mkubwa, nataka kukufuta pua. Tayari?"

Mtoto akainua uso mwenyewe.

Marehemu alifanya vivyo hivyo kwa wetu wote. Nikamwambia binti, "Mlete kesho. Hapa mtoto anaulizwa."