Mgonjwa wa Kiti cha Kumi na Nne

Marehemu Bjarnhild, Mungu ampumzishe kwa amani, aliwapenda watu wote wa kijiji isipokuwa Gunnvør. Kwa miaka kumi na mmoja, kila uwanja wetu mdogo wa ndege ulipofanya zoezi la kumpokea abiria mwenye ugonjwa wa kuambukiza, Bjarnhild ndiye aliyetangulia kupanda ndegeni, amevaa suti ya kinga na barakoa. Kisha Gunnvør akarudi kutoka Copenhagen na shahada ya uuguzi, akapewa kazi hiyo. Bjarnhild akapangiwa kuigiza mgonjwa.

"Angalau mwaka huu utakaa kitako," mumewe Jóanis alimtania.

"Kaa wewe," akamjibu, na kahawa yake hakuimaliza.

Siku ya zoezi majirani waliitwa kuigiza abiria. Kadi ya Bjarnhild ilimweka kiti cha kumi na nne. Lakini katika ndege za kwetu nani hukaa kitini mwake? Mlango ukifungwa tu, huyu kamwona shemeji, yule kamwona binamu. Bjarnhild naye alikwenda mbele, kiti cha tatu, akapiga soga na Tóra wakila biskuti, kisha akarudi kitini na kuumwa kwake.

Gunnvør alipoingia aliuliza vizuri: homa ilianza lini, vipele viko wapi, umetoka nchi gani. Akatazama orodha, akawatenga wa safu mbili zilizo mbele ya mgonjwa na mbili zilizo nyuma yake. Tóra, aliyelishana biskuti na mgonjwa, akaachwa ateremke aende zake.

Bjarnhild aliliona kosa na moyo wake ukafurahi. Angeweza kumnong'oneza pale pale. Lakini alitaka lisemwe mbele ya watu.

Baadaye, kwenye kahawa katika kituo cha zimamoto, daktari aliyetoka mji mkuu alianza kumsifu Gunnvør. Bjarnhild akasimama.

"Tóra yuko wapi? Nimemwambukiza tangu tukiwa angani, na huyu msomi wenu amemwacha aende nyumbani kwa wajukuu."

Uso ukamwiva Gunnvør, lakini akachukua kalamu.

"Asante, mama. Nani mwingine alihama kiti?"

Mikono kumi na tisa ikainuka.

Swali hilo likaandikwa la kwanza katika mpango wa dharura wa uwanja, na chini yake jina la Gunnvør. Bjarnhild alirudi nyumbani, akamwambia Jóanis kwamba amempiga yule binti kofi, na kofi limekuwa taji.

Majira ya kuchipua yaliyofuata ilitua ndege yenye mtoto mwenye surua kwelikweli. Bjarnhild, akiwa mlangoni na maboksi ya barakoa, alimsikia Gunnvør akianza: "Kuna aliyehama kiti?" Mwanamke mmoja mjamzito, wa safu iliyo mbali na mtoto, akainua mkono, akahudumiwa mapema kabla surua haijamdhuru yeye wala mimba.

Jumapili Bjarnhild alimshukuru Mungu kwa ajili ya yule mjamzito. Kisha akaomba aondolewe wivu. Aliliomba hilo kila Jumapili mpaka tulipomzika, na Gunnvør alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.