Dawa Iliyofunika Utosi

Mama mkwe wangu habishani na mtu, anaagiza. Alitoka Kasai akiwa bibi harusi, akalea wanawe hapa Lubumbashi, na aliposikia kwamba binti yangu anahara, alifika kwetu, mtaa wa Annexe, na mfuko wa majani kabla sijamaliza kufua nepi. Mume wangu alikuwa kazini mpakani, Kasumbalesa. Kwa simu aliniambia nimsikilize mama. Ndivyo wanavyosema wanaume walio mbali.

Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukaa bila kushikwa. "Ni meno tu," mama mkwe alisema. "Mutoto wa meno, lazima ahare." Lakini alipopapasa utosi na kuukuta umebonyea, uso ulimbadilika. Kwao, utosi ulioingia ndani ndio ugonjwa wenyewe, si dalili ya kitu kingine. Alichoma majani, akayasaga, akayachanganya na mawese, akampaka mtoto utosini uji mzito mweusi. Kisha yakaja masharti. Mtoto asitoke nje mpaka dawa ikauke na kuuvuta utosi juu, maana upepo ungeiharibu. Na asipewe maji, eti yanazidisha kuhara.

Nilitii. Mkwe hajibiwi, na mimi nilikuwa nimelelewa vizuri kupita kiasi.

Ukiitazama dawa ile bila hasira, nami hasira bado ninayo, ubaya wake ulikuwa kwamba ilifunika mahali palepale ambapo mtu angeona hali inavyokwenda. Ikabidi nitazame kwingine. Siku za kupima watoto uzito muuguzi hutufundisha: angalia mdomo, angalia macho, angalia kama anakojoa. Nepi niliyomfunga asubuhi ilikuwa bado kavu mchana. Ulimi ulikuwa umekauka, macho yamedidimia. Halafu akaacha kulia.

"Unaona?" mama mkwe akasema. "Alinyamaza. Iko anapona."

Alifurahi kwelikweli. Mimi nikaifinya ngozi ya tumbo la mtoto, kama tulivyofundishwa, nikaiachia. Haikurudi upesi. Ilibaki imesimama, kama kitambaa ulichokikunja kwa kidole. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Mama, utanisamehe. Naenda naye ku lopital."

"Dawa haiyakauka. Ukimutosha inje na akifa, njo wewe."

"Njo mimi," nikaukubali mzigo wa lawama, nikamfunga mtoto mgongoni.

Nilidhani atabaki nyumbani akinilaani. Kumbe alivaa kitambaa cha kichwa, akapanda pikipiki ya kukodi nyuma yangu, na njia nzima alikinga kichwa cha mtoto kwa kiganja ili upepo usiguse dawa. Mtu na ukaidi wake, nikawaza. Lakini mkono ule haukushuka hata kwenye mashimo.

Kwenye kituo cha afya muuguzi hakutugombeza. Alilowesha pamba, akaifuta dawa taratibu, na chini yake tukauona utosi: shimo ambalo ncha ya kidole ingetulia ndani yake. "Maji njo iliisha mu mwili," akasema. "Munyonyeshe, mumupe maji, hata akihara. Akihara, njo muzidishe." Alimtundikia chupa ya serumu ya mshipani, kisha akakoroga paketi ya unga mweupe katika maji safi, akamwonyesha mama mkwe jinsi ya kumnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo.

Mama mkwe alishika kijiko. Alinywesha bila kuchoka. Jioni mtoto akakojoa, akalowesha kitenge cha bibi yake chote, nami nikacheka kwa sauti peke yangu. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa akiitazama ile paketi tupu.

"Ile maji," akamwuliza muuguzi, "zamani ilikuwaka?"

"Paketi, sijue, mama. Lakini ndani ni chumvi na sukari, na vitu kidogo. Hata bila paketi, bantu banachanganyaka ku nyumba."

Mama mkwe akaikunja paketi ile. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba kabla ya kumzaa mume wangu alizaa msichana. Alihara, utosi ukaingia, wakampaka dawa ileile, wakamnyima maji. Siku moja akanyamaza, na nyumba nzima ikafurahi. Miaka yote hii ya ndoa sikuwahi kusikia habari za mtoto huyo.

"Chumvi ilikuwa," akasema. "Sukari ilikuwa. Yote ilikuwa mu nyumba."

Akajaza kijiko tena, akampelekea mtoto mdomoni.